Mafua Yanapobisha Hodi

Hati ya kipindi cha historia, kwa vikundi vya wasikilizaji
Imeandikwa na kusomwa Base Camp, Nakivale

(MUZIKI WA KUFUNGUA. UNASHUKA POLEPOLE.)

MTANGAZAJI: Uwe hapa Base Camp, Juru au Rubondo, uwe shambani, dukani au umekaa unabembeleza mtoto, karibu. Salamu pia kwa ndugu zetu waliohamia Mbarara mjini na bado wanatufuata.

Leo naanza na mama mmoja anayeuza kuku sokoni. Juma lililopita aliniita kwa sauti kubwa, "We mtoto wa redio, kuja hapa!" Nikaenda. Akanionyesha video kwenye simu ya mwanawe. Watu wamevaa nguo nyeupe za plastiki, wanatupa kuku shimoni, halafu wanawachoma moto. Chini kuna maneno ya Kiingereza.

"Hapa ni wapi?" akaniuliza.

"Sijui, Mama. Sioni kama ni Uganda."

"Wanasema mafua mapya yanakuja. Niambie ukweli, mwanangu. Watachoma kuku wangu? Watatufungia tena?"

"Sijui, Mama."

"Basi nenda ukajue. Si ndiyo kazi yako?"

Nilikwenda. Nimesoma, nimeuliza wauguzi, nimeuliza wazee. Nimegundua kwamba swali la yule mama halikuanza leo. Watu wa kwetu wamekwisha kusikia mara kadhaa kwamba mafua yanakuja, na kila mara walifanya jambo. Safari hii ya leo ni kuangalia walifanya nini, na sisi tumebaki na nini.

(MUZIKI MFUPI)

MTANGAZAJI: Kwanza tuelewane kuhusu neno. Mafua, au gripi kama wengi wetu kutoka Kongo tunavyoita, tunayajua. Pua inatoka maji, kichwa kinauma, siku chache umepona. Lakini virusi vya mafua vina tabia ya kubadilika. Vinaishi kwa ndege wa mwituni, kwa kuku, kwa bata, kwa nguruwe. Mara chache sana vinabadilika kiasi kwamba vinaingia kwa binadamu na kupita kutoka mtu hadi mtu, na miili yetu haijawahi kuviona. Hapo ndipo mafua yanapozunguka dunia nzima. Ilitokea 1918, 1957, 1968 na 2009. Tuanze na ile ya kwanza.

SEHEMU YA 1: Ugonjwa uliokuja bila habari

Mwaka 1918 dunia ilikuwa vitani. Nchi zilizokuwa zikipigana zilizuia magazeti kuandika habari za kuvunja watu moyo. Hispania haikuwemo vitani. Magazeti yake yakaandika wazi kwamba kuna ugonjwa, na kwamba hata mfalme wao ameugua. Watu wakasema, kumbe umetoka Hispania! Hadi leo unaitwa Mafua ya Hispania. Angalia jambo hilo: aliyesema ukweli ndiye aliyebandikwa jina la ugonjwa.

Huku kwetu meli ziliufikisha Mombasa mwezi wa Septemba 1918. Kutoka hapo ukapanda treni kama abiria. Reli ilifika Kisumu, na kutoka Kisumu kulikuwa na meli za ziwani kuja Uganda. Kabla mwaka haujaisha ulikuwa umeingia. Kongo uliingia kwa njia zaidi ya moja: kwa bandari za magharibi, na kwa reli iliyotoka kusini hadi Katanga.

Kilichouongezea miguu ni vita. Waingereza, Wabelgiji na Wajerumani walikuwa wamekusanya mamia ya maelfu ya wanaume kubeba risasi na chakula kwa kichwa na mabega. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimepata majina yao kwa wapagazi hao. Wengi walitoka Uganda na Kongo. Walikuwa wamekonda, wamechoka, wanalala wamebanana. Mafua yakawakuta hivyo.

Jemadari wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, alikuwa bado anapigana. Vita vilikwisha Ulaya tarehe 11 Novemba 1918, lakini yeye alipata habari siku chache baadaye, akasalimu amri tarehe 25 Novemba huko Abercorn, mji unaoitwa Mbala leo, nchini Zambia. Mafua yalikuwa yamekwisha kuwafikia watu wake kabla ya habari ya amani.

Duniani wataalamu wanakadiria vifo kati ya milioni 20 na milioni 50, na wengine wanasema zaidi. Tofauti na mafua ya kawaida, ugonjwa ule uliua sana vijana wenye nguvu, watu wa miaka 20 na 30.

Watu walifanya nini? Wengi walikimbia. Katika machimbo ya Rhodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe, wafanyakazi walitoroka kambi za migodi kwa sababu waliona wenzao wanakufa humo. Hatuwezi kuwacheka; wengi wetu tuko hapa kwa kuwa tulikimbia mahali pa kifo. Lakini waliokimbia wakiwa wameshaambukizwa waliupeleka ugonjwa vijijini.

Wengine walitafuta maana yake kwa Mungu. Huko Kongo ya Chini, wafuasi wa Simon Kimbangu wanasimulia kwamba aliitwa na Mungu kwa mara ya kwanza mwaka 1918, wakati mafua yanaua watu, naye akaogopa. Mwaka 1921 ndipo alipoanza kuhubiri na kuombea wagonjwa Nkamba. Wabelgiji walimkamata mwaka huo huo, akafia gerezani mwaka 1951.

Nilimwuliza mzee mmoja hapa Nakivale kama alisikia habari za mwaka ule. Akasema bibi yake alipoteza ndugu wawili katika juma moja. Nikamwuliza, bibi aliuitaje ugonjwa huo? Akatikisa kichwa. "Hakuuita. Hakuna aliyewaambia ni nini. Watu walikohoa, wakafa."

Hiyo ndiyo picha ya 1918 ninayotaka uishike, msikilizaji. Ugonjwa umefika mlangoni, na hakuna aliyebisha hodi kabla yake.

(MUZIKI MFUPI)

SEHEMU YA 2: Kengele mbili

Turuke hadi 2009. Mwezi wa Aprili habari zilitoka Meksiko na Marekani: mafua mapya, yenye asili ya nguruwe. Tarehe 11 Juni Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa ni janga la dunia. Safari hii habari ilitangulia ugonjwa.

Nchini Misri serikali iliamuru nguruwe wote wachinjwe, kama 300,000. Nguruwe hao hawakuwa wameambukiza mtu. Walikuwa wa watu maskini waliozoa takataka za Kairo na kuwalisha nguruwe mabaki ya chakula. Nguruwe walipokwisha, takataka zilijaa mitaani. Waliolipa ni wale ambao tayari hawakuwa na kitu.

Nchini Kenya mgonjwa wa kwanza alipatikana mwisho wa Juni, mjini Kisumu: mwanafunzi kutoka Uingereza aliyekuja na wenzake. Mwanzoni mwa Julai ikawa zamu ya Uganda, mtu aliyetua Entebbe akitokea London kupitia Nairobi. Maabara ya Taasisi ya Utafiti wa Virusi iliyoko Entebbe ndiyo hupima mafua nchini Uganda. Taasisi hiyo ilianza 1936 kwa kuchunguza homa ya manjano.

Niseme jambo hapa, kwa sababu huwa tunalisikia sana. Kila ugonjwa ukija, kuna mtu atasema umeletwa na wakimbizi. Mwaka 2009 ulikuja kwa ndege, na mwenye tiketi na pasipoti.

Ugonjwa ule haukuwa mkali kama ilivyohofiwa. Maabara za dunia zilithibitisha vifo zaidi ya 18,000. Wataalamu walipohesabu upya baadaye, walikadiria kwamba waliokufa walizidi 150,000, kwa sababu wengi hawakupimwa. Lakini kwa wengi wetu maisha yaliendelea. Mwezi wa Agosti 2010 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba janga limekwisha. Watu wakauliza: mbona mlitutisha?

Kengele ya pili ililia karibu zaidi na sisi. Januari 2017 wavuvi na wakazi wa Lutembe, ufukweni mwa Ziwa Victoria karibu na Entebbe, walikuta ndege wa mwituni wamekufa kwa wingi. Tarehe 15 Januari Wizara ya Kilimo ikatangaza kuwa ni mafua ya ndege. Yakaonekana pia kwa bata na kuku huko Masaka. Masaka unaijua, unaipita ukitoka Kampala kuja Mbarara. Kenya na Rwanda zikafunga mipaka kwa kuku na mayai kutoka Uganda. Mwaka huo huo virusi vya aina hiyo vilionekana Ituri, upande wa Kongo wa Ziwa Albert.

Hakuna mtu aliyethibitishwa kuugua Uganda. Waliougua ni mifuko ya wafugaji. Kuku hakwenda sokoni, na chakula cha kuku kilipaswa kununuliwa vilevile. Wazee walisema kuku wa maskini hatagi, akitaga haangui, akiangua halei, akilea huchukuliwa na mwewe. Mwaka 2017 mwewe alikuwa tangazo la redio.

Kwa hiyo tulikuwa na kengele mbili, 2009 na 2017, na mara zote mbili wengi wetu hatukuona wafu. Tukajifunza somo, lakini somo baya: wakisema ugonjwa unakuja, ni maneno tu.

(MUZIKI MFUPI)

SEHEMU YA 3: Mwaka tuliofungiwa

Tukaingia 2020 tukiwa na somo hilo kichwani. Korona si mafua. Ni virusi vya ukoo mwingine. Lakini ilitujia kwa njia ile ile ya pumzi, na ndiyo mtihani wa karibu zaidi tulioupata.

Uganda ilitangaza kufunga shule kabla hata haijapata mgonjwa mmoja. Mgonjwa wa kwanza alithibitishwa tarehe 21 Machi, mtu aliyetua Entebbe akitokea Dubai. Siku chache baadaye magari ya abiria yalisimama, boda boda zikakatazwa kubeba watu, na kupokea wakimbizi wapya kukasimamishwa. Tarehe 31 Machi ikaanza amri ya kutotoka usiku. Mgonjwa aliyetaka kupelekwa hospitali kwa gari alihitaji ruhusa ya mwakilishi wa Rais wa wilaya, yule tunayemwita RDC. Akina mama wajawazito walipata taabu kubwa.

Mwezi uliofuata, Aprili 2020, Shirika la Chakula la WFP lilipunguza mgao wa wakimbizi kwa asilimia 30, kwa kukosa fedha. Februari 2021 likapunguza tena, tukabaki na asilimia 60 ya mgao wa zamani. Sokoni hakuna kazi, barabarani hakuna gari, na posho imepungua. Nakumbuka foleni ya mgao, watu wamepangwa mbalimbali, kila mmoja na barakoa ya kitambaa. Mzee mmoja akasema, "Huo ugonjwa hatujauona hapa. Njaa tunaiona."

Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari, na shule imefungwa. Nilikuwa na simu na muda mwingi. Mwaka 2021 nilipokea sauti kwenye simu, mtu anazungumza Kiswahili kizuri kabisa. Alisema korona ni njama ya kupunguza chakula cha wakimbizi, na kwamba anayekwenda kituo cha afya na kikohozi anaandikwa jina na hatarudi. Mimi niliona mgao umepungua kweli. Nikaona maneno yanaingiana. Nikaituma kwa watu wote niliokuwa na namba zao, pamoja na jirani yetu, mzee aliyenifundisha kurekebisha redio.

Mwezi wa Juni wimbi la pili lilifika. Tarehe 18 nchi ikafungwa tena kwa siku 42. Jirani yetu akaanza kukohoa. Hakutaka kwenda kituoni.

Wakati huo jina moja lilikuwa mdomoni mwa kila mtu: Covidex. Ni dawa ya mitishamba, matone ndani ya chupa ndogo, iliyotengenezwa hapa hapa kwetu na Profesa Patrick Ogwang wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara. Mwanzoni Mamlaka ya Taifa ya Dawa iliwaonya watu, kwa kuwa dawa ilikuwa haijaidhinishwa. Tarehe 29 Juni 2021 ikaidhinisha iuzwe kama dawa ya kusaidia matibabu ya magonjwa ya virusi. Haikusema kwamba inaponya korona. Lakini maneno hayo ya pili hayakufika mbali. Neno lililofika ni "dawa imepatikana Mbarara". Watu walijazana madukani na bei ikapanda mara kadhaa.

Mke wa jirani yetu aliuza mbuzi. Chupa ililetwa na boda. Mzee alitumia matone siku nne. Siku ya tano alikubali kubebwa kwenda kituoni, na hakurudi.

Siwezi kusema sauti niliyomtumia ndiyo iliyomwua. Hakuna daktari aliyeniambia hivyo. Lakini ilitoka kwenye namba yangu. Mkewe mpaka leo ananiita "mwanangu", na mimi mpaka leo sijamwambia. Akinisikiliza sasa, Mama, nisamehe. Nitakuja nyumbani.

(KIMYA. SEKUNDE TANO.)

Shule zilifunguliwa kwa wote tarehe 10 Januari 2022. Uganda ilikuwa imefunga shule kwa muda mrefu kuliko nchi yoyote duniani, na wanafunzi karibu milioni 15 waliguswa. Katika darasa letu viti vingi vilibaki wazi. Wasichana wengine walikuwa na watoto mgongoni. Wavulana wengine walikuwa wamezoea kuchoma matofali na kupata pesa kidogo. Kwa hiyo ukiuliza kwa nini mtu wa Nakivale anashtuka akisikia "mafua mapya", jibu liko hapo. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

(MUZIKI MFUPI)

SEHEMU YA 4: Majibu kwa mama wa kuku

Mama wa kuku, kama uko karibu na redio, sasa nimerudi na majibu. Mengine bado ni "sijui", lakini safari hii najua kwa nini sijui.

Je, mafua mapya yanakuja? Kuna virusi vya mafua ya ndege vinavyoitwa H5N1 vinavyoua ndege sehemu nyingi za dunia. Machi 2024 viligunduliwa kwa ng'ombe wa maziwa Marekani, jambo lililowashangaza wataalamu. Watu kadhaa waliofanya kazi na wanyama hao waliugua. Mpaka ninapoandika hati hii, virusi hivyo havienei kwa urahisi kutoka mtu hadi mtu. Vikianza kufanya hivyo, hali itakuwa nyingine. Lini, au kama vitafanya, hakuna anayejua. Anayekuambia anajua tarehe, mkimbie.

Je, watachoma kuku wako? Mafua ya ndege yakipatikana mahali, kawaida wataalamu wa mifugo huwaua kuku wa hapo ili yasisambae. Hapa ndipo tunapaswa kuuliza mapema: nani atamlipa mwenye kuku? Mahali ambapo hakuna fidia, watu huficha kuku waliokufa, au huwauza usiku. Ugonjwa husambaa kwa sababu ya umaskini wa mtu na woga wake. Swali hili nimelipeleka kwa viongozi wetu wa kijiji walifikishe kwa OPM na kwa ofisi ya mifugo ya wilaya ya Isingiro. Jibu nitalisoma hapa, liwe tamu au chungu.

Je, watatufungia tena? Sijui. Lakini kuna mambo hayangoji amri. Kuku au bata wakifa wengi kwa ghafla, usiwashike kwa mikono mitupu na usiwapike. Mwite VHT wa kijiji chako. Osha mikono kwa sabuni ukimaliza kazi bandani. Mayai na nyama vipike hadi viive kabisa. Watoto wasicheze na ndege aliyekufa, hasa nyie mnaoishi karibu na Ziwa Nakivale ambako ndege wa mwituni hutua. Ukikohoa na kushindwa kupumua, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Sasa turudi tulikoanza. Mwaka 1918 wazee wetu hawakuambiwa kitu, wakafa bila kujua jina la kilichowaua. Mwaka 2009 na 2017 tuliambiwa, na kwa wengi wetu hatari ikapita pembeni. Tukasema tumedanganywa. Hatukudanganywa. Mlinzi wa usiku akipiga kelele na mwizi akageuka, asubuhi hatumwiti mlinzi mwongo.

Lakini mlinzi naye ana wajibu. Aseme alichoona, na aseme asichokiona. Akituambia tufunge milango, afikirie nani ana chakula ndani na nani hana. Mwaka 2020 tuliambiwa tukae nyumbani, na chakula kikapunguzwa. Katika pengo hilo ndipo uongo uliingia, ukavaa sauti nzuri ya Kiswahili, ukapita kwenye simu yangu.

Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja, msikilizaji. Ukipokea sauti au video ya ugonjwa, kabla hujaituma, niletee. Niko hapa Base Camp, watu wananijua. Nikijua nitakuambia. Nisipojua nitasema sijui, na nitakwenda kuuliza. Yule mama alisema ndiyo kazi yangu, na amesema kweli.

(MUZIKI WA KUFUNGA UNAANZA CHINI)

MASWALI KWA VIKUNDI VYA WASIKILIZAJI

1. Katika familia yako, kuna mtu anayekumbuka hadithi ya ugonjwa uliokuja zamani? Uliitwaje?
2. Mwaka 2020 ulimwamini nani zaidi, na kwa nini?
3. Kuku wa jirani yako wakifa usiku mmoja, atakuambia au ataficha? Nini kingemsaidia aseme?

MTANGAZAJI: Andikeni majibu yenu, mpeni kiongozi wa kikundi, nitayapitia kabla ya kipindi kijacho. Kwa leo ni hapo. Lindaneni. Kwaheri ya kuonana.

(MUZIKI UNAPANDA. MWISHO.)